"Nitamwambia baba yako": maneno yangu kwa wazazi na vijana wa Uyole

Haya niliyasema mwanzoni mwa Juni kwenye mkutano wa wazazi na vijana wa mtaa wetu, Uyole, Mbeya. Wengi hawakufika, wengine kwa baridi, wengine kwa msiba, wakaomba maneno yote. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni, isipokuwa pale niliporudia kwa sababu kipaza sauti kilikatika.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mchungaji uliyetuazima ukumbi, baba zangu na mama zangu, shikamooni. Waliotoka Rungwe, mwaghonile. Na kwa kuwa nimekula ugali wa Iringa kidato cha tano na cha sita, kamwene kwa Wahehe na Wabena waliojificha humu ndani. Vijana wenzangu, mambo vipi?

Mmesikia wanavyojibu, "poa". Hiyo poa ni ya uongo, lakini tutafika huko.

Nimepewa mada inayoitwa maadili ya kijana wa leo. Nimemwomba mwenyekiti ruhusa niigeuze kidogo, maana maadili mmetuhubiria tangu Sunday school na madrasa, tumeyakariri. Mimi nina miaka 19, nimemaliza kidato cha sita mwezi uliopita, nasubiri kwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Nimebakiza muda mfupi wa kuitwa mtoto asiyejua kitu, na ningependa kuutumia. Nitawaeleza tunavyoishi. Tunavyozimikiana shuleni, tunavyopata marafiki kwenye simu, tunavyofikiri juu ya ukoo na nchi. Na kila mahali nitawauliza swali moja mpaka mlichoke: mtoto wako akipatwa na jambo la aibu leo usiku, atamwambia nani?

Tuanze na siku yenyewe. Mnajua tunatoka saa ngapi na tunarudi saa ngapi. Hapo katikati mnapajua?

Mchukueni binti wa kidato cha pili wa hapa Igawilo. Saa kumi na moja alfajiri ameshaamka, na Juni hii maji ya bombani yanauma vidole. Anafagia, anachota, anamvalisha mdogo wake. Barabarani konda anamwekea mkono mlangoni, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo na konda anataka mtu mzima. Anaachwa na gari la kwanza, la pili, la tatu. Anachelewa namba ya asubuhi shuleni, anapokea viboko vya kuchelewa. Mnaona? Kosa la konda, viboko vya binti. Darasani anafundishwa kwa Kiingereza ambacho shule ya msingi alikisoma kama somo tu. Akijibu kwa Kiswahili anachekwa, akinyamaza anaitwa mzito. Mchana ni kande, kama wazazi wamechanga mahindi na maharage. Jioni vipindi vya ziada. Nyumbani vyombo, mdogo wake, ugali, na saa tatu usiku ndipo anafungua daftari. Baadaye kidogo anaomba simu ya mama, "kuangalia hesabu kwenye kundi la darasa".

Mama zangu, katika siku nzima huo ndio muda pekee ambao hakuna mtu anayemwamuru. Halafu mnashangaa anaing'ang'ania simu.

Na huyo anaishi kwao. Kuna wanaokaa mageto. Hapa sihitaji kueleza sana, kuanzia Mbarali mpaka Makete kila mtu anajua. Shule ya kata iko mbali na kijiji, bweni hakuna, mzazi anampangia mtoto chumba karibu na shule. Binti wa miaka 15 ana godoro, jiko la mkaa, kiroba cha unga na ufunguo wake mwenyewe. Anapika mwenyewe, anaugua mwenyewe, anaamua mwenyewe nani agongapo afungue. Mwisho wa wiki baba anakuja na unga, anauliza "Unasoma?", anajibiwa "Nasoma". Basi, mazungumzo yamekwisha, baba anawahi gari. Jumatatu mpaka Ijumaa tunampa mtoto maisha ya mtu mzima, halafu Jumamosi tunamwambia mtoto haongei mbele ya wakubwa.

Akipatwa na jambo huko geto, atamwambia nani?

Sasa lile lililowaleta wengi hapa. Mapenzi. Angalieni, wazazi mnacheka, vijana wameinamisha vichwa.

Nasema wazi, na mchungaji atanisamehe: kumzimikia mtu ukiwa na miaka 15 si ugonjwa. Moyo unadunda akipita. Unazunguka njia ndefu ya kwenda msalani ili upite mbele ya darasa lake. Unamwazima kitabu cha Jiografia ambacho wewe mwenyewe unacho. Baba zangu, msijifanye wageni! Ninyi mliandika kwenye karatasi zenye maua, mkazipulizia manukato, mkaanza na "Dhumuni la barua hii". Sisi tuna stetasi, na tunaumia mtu akisoma meseji akatuachia tiki za bluu. Homa ni ile ile.

Niwape kisa. Nikiwa kidato cha pili, kijana mmoja wa darasa letu aliandika barua. Ukurasa mmoja. Hakuomba kitu cha aibu. Alimwambia binti kwamba anapenda anavyosoma kwa sauti darasani, na kwamba angependa wajiandae pamoja kwa mtihani wa kidato cha pili. Barua ikadakwa kabla haijafika. Binti hajaiona, hajui hata kama ipo. Siku iliyofuata mwalimu wa zamu akaisoma paredi, mbele ya shule nzima, kwa sauti ya maigizo, na vituo vya kuchekesha. Kisha wote wawili wakachapwa. Wote wawili, jamani! Mwandishi na ambaye hakuandika.

Yule binti hakusoma tena kwa sauti darasani. Mwalimu akimtaja alikuwa anasimama, anaangalia kitabu, ananyamaza mpaka aambiwe akae. Kijana alianza kukosa siku moja moja, kisha wiki, leo anaendesha bodaboda Mbalizi. Na sisi mia kadhaa tuliosimama pale paredi tulijifunza nini? Mnadhani tulijifunza kwamba mapenzi ni mabaya? Tulijifunza kwamba wakubwa wakijua jambo lako, watakuanika. Hilo tulilielewa kuliko somo lolote la mwaka ule.

Sikilizeni sasa upande wa pili. Mwaka huo huo, kata hiyo hiyo, kulikuwa na mtu mzima mwenye duka. Ana mke, ana watoto, ana kiti chake mbele kwenye vikao. Alianza kumpa mwanafunzi nauli yale magari yanapomwacha. Kisha chipsi, kisha vocha, kisha simu yenyewe. Kisha mimba. Je, kuna aliyelisoma jina la mwenye duka paredi? Kuna aliyemchapa? Vilikaliwa vikao vya familia. Zikatajwa ng'ombe, zikahesabiwa noti, yakasemwa yale maneno mnayoyajua, "tuyamalize kinyumbani". Binti akapelekwa kwa bibi yake Ileje. Duka liko wazi mpaka leo.

Wazazi wangu, haya mawili yote mnayaita mapenzi ya wanafunzi. Mnayaweka kapu moja, kisha mnamchapa yule ambaye ni rahisi kumchapa. Mwenye barua hakuwa na kitu ila kalamu. Mwenye duka alikuwa na pesa, alikuwa na chumba cha nyuma, alikuwa na sauti mtaani. Huyo hazimikii mtu, huyo anawinda.

Na sheria inamjua. Sheria ya Elimu, tangu marekebisho ya 2016, inasema anayempa mwanafunzi wa msingi au sekondari mimba, au anayemwoa, anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Anayesaidia ndoa hiyo ifanyike naye ana kosa. Narudia kwa waliokaa nyuma: anayesaidia naye ana kosa. Kile kikao cha kuozesha kinachofanyika sebuleni, chai ikinywewa, ndiyo kusaidia kwenyewe.

Kwenye klabu yetu ya mdahalo tuliibishania sana kesi ya Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, juu ya umri wa kuolewa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 mzazi akiridhia, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Dada huyu akaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na dada. Wavulana wa mdahalo walitubishia usiku kucha kwamba mila ina nguvu kuliko mahakama, na mmoja wao sasa anataka kusoma sheria. Na Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba binti aliyeacha shule kwa ujauzito anaweza kurudi baada ya kujifungua. Maana yake yule wa Ileje ana nafasi yake darasani. Nauliza, nani amemwambia?

Nigusie moja haraka, kwa sababu tuko mikoa hii. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016/17 uliziweka Njombe, Iringa na Mbeya juu ya mikoa mingine yote ya Bara. Njombe na Iringa, kati ya watu 100 wa miaka 15 na kuendelea, zaidi ya 11 walikuwa wanaishi na virusi. Kwetu huku ukimya juu ya miili ya vijana una gharama ambayo familia nyingi humu zimekwisha kuilipa. Sitaendelea, mnajua makaburi yenu.

Lakini turudi kwa binti wa mwenye duka, kwa sababu kuna jambo ambalo halikusemwa kwenye vikao vile. Siku ile barua iliposomwa paredi, naye alikuwepo. Alikuwa kwenye mstari, na sweta yake ya kijani, anacheka na wenzake. Miezi ilipopita na mtu mzima akaanza kumpa nauli, alikuwa anajua tayari kinachompata mtu ambaye jambo lake limejulikana. Angemwambia nani?

Twende kwenye simu.

Nianze na zuri, maana huwa hamlisikii. Namfahamu kijana wa hapa Mbeya, baba yake ni fundi wa kuchomelea Mwanjelwa. Alipokuwa kidato cha nne shule yao haikuwa na mwalimu wa Fizikia. Akajiunga na kundi la WhatsApp la wanafunzi wanaokokotoa mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita. Humo akampata mwenzake wa Kigoma. Hawajaonana mpaka leo. Mmoja anapiga picha daftari, mwingine anatuma sauti kueleza pale alipokosea. Simu ni ya baba, kioo kimepasuka, bando la kuungaunga. Kisha yule wa Kigoma akafiwa na mama. Huyu wetu alikesha naye. Hakujua la kusema, akawa anamtumia sauti fupi fupi, "Upo?", "Umekula?", "Mimi bado nipo", mpaka bando likaisha, akaenda kuamsha jirani amkopeshe.

Baba yake alipoikuta simu ina joto asubuhi akauliza, "Unachati na nani?" Na rafiki yangu wa Kigoma. "Umewahi kumwona?" Hapana. "Basi huyo si rafiki, huyo ni tapeli."

Baba zangu, zamani mlikuwa na marafiki wa kalamu. Mliandikiana na watu wa Ujerumani na Sweden ambao hamkuwaona, mkaweka picha zao kwenye albamu. Rafiki asiyeonekana mlikuwa naye ninyi kwanza.

Ila sikatai kwamba tapeli yupo. Yupo, na mimi najua anavyofanya kazi.

Binti wa kidato cha tatu. Sitasema shule, sitasema mtaa. Alipata ujumbe kutoka akaunti yenye picha ya msichana mzuri, mkubwa kidogo kwake, anayesema yuko chuo Dodoma. Wakawa dada na mdogo. Dada anauliza umekula, dada anauliza leo darasani kulikuwaje, dada anatuma bando. Angalieni maswali hayo. Ni maswali ya mzazi! Hakuna aliyekuwa akimwuliza nyumbani, kwa hiyo mtu wa mbali akayauliza. Baada ya muda dada akasema, tuhame huku wazi, twende mahali pa faragha. Kisha, haya ni yetu wawili, usimwambie mtu. Kisha dada akatuma picha yake ya kuoga, akaomba na ya mdogo wake. Moja tu. Kisha nyingine.

Siku hiyo hiyo dada akageuka mwanaume. Akataka pesa.

Na alimtishaje? Hakusema nitakuua, hakusema nitakuja kwenu. Aliandika maneno manne: "Nitamwambia baba yako yote."

Naomba muyasikilize vizuri maneno hayo. Mtu yuko mbali. Hana panga, hana bunduki, hajui hata njia ya kufika Uyole. Silaha anayo moja tu, nayo ni wewe, baba. Ni mkanda wako. Ni lile neno "ondoka kwangu". Ni yale uliyosema mezani mtoto wa jirani alipopatwa na jambo kama hilo, ukasema angekuwa wangu ningemzika. Ulidhani unaonya. Mtoto wako alikuwa anakula, akasikia, akaweka akilini. Yule tapeli hakuileta silaha, aliikuta ndani ya nyumba yako, ina risasi zake, akaiokota.

Na kama yule binti angekuwa na hakika kwamba baba akiiona picha ile neno la kwanza litakuwa "Mwanangu, nani amekufanyia hivi?", yule mtu angebaki na nini mkononi? Nijibuni. Angebaki na nini?

Hana kitu. Mama pale amejibu vizuri, hana kitu.

Binti alilipa. Alichukua fedha za mama za kikoba, akazituma. Akaombwa tena, kwa sababu anayelipa mara moja ameshaonyesha kwamba anaogopa. Akaacha kula. Aliyemwokoa ni shangazi yake aliyekuja kutoka Tukuyu kwa shughuli nyingine kabisa. Walikuwa jikoni wanamenya ndizi. Shangazi akamwuliza, akalia, akasema yote. Na shangazi, nataka mlijue hili, hakuacha kumenya. Hakupiga kelele, hakusema "Yesu wangu". Aliuliza, "Nani mwingine anajua?" Hakuna. "Haya, sasa tupo wawili. Lete simu."

Hawakutuma hata shilingi nyingine. Hawakufuta zile meseji, ingawa mtoto alitaka kuzifuta kwa aibu. Walizipiga picha zote, wakaandika namba, jina la akaunti, na kumbukumbu za miamala. Ndipo wakamzuia yule mtu na kuiripoti akaunti. Asubuhi wakaenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Na jioni shangazi mwenyewe, si mtoto, akakaa na kaka yake akamweleza. Baba alitoka nje. Alikaa huko muda mrefu mpaka mkewe akataka kumfuata, shangazi akamkataza. Aliporudi aliuliza kama binti amekula. Ile picha haikutumwa kwake. Itumwe ya nini? Baba alikuwa anajua tayari.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza picha za utupu za watoto, na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18. Sasa niwageukie mama zangu wa makundi ya WhatsApp. Ile video ya mtoto wa watu mnayoirusha kwenye kundi la kwaya na maneno "tumwombee binti huyu" mnaisambaza. Kosa ni lile lile, hata ukiweka mikono ya maombi chini yake. Ukiipokea, usiitume mbele. Na kuna namba 116, Simu ya Msaada kwa Mtoto, kupiga ni bure. Vijana iwekeni kichwani, si kwenye simu, maana simu huwa zinanyang'anywa.

Huwa mnatuambia asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sawa. Na ambaye mamaye haulizwi jambo, je? Huyo afunzwe na nani?

Vijana, mnapiga makofi sana. Subirini, na lenu lipo. Rafiki anayekwambia usimwambie mtu, siku hiyo hiyo mwambie mtu. Si kesho. Na wavulana mnaorushiana picha za wasichana mliowahi kuwa nao, mkahesabiana kama vikombe vya ligi, hamna tofauti na yule "dada" wa Dodoma, isipokuwa yeye angalau anajua kwamba yeye ni mwizi. Nyamazeni sasa, mlikuwa mnapiga makofi.

La mwisho ni ambalo hamkulitegemea. Misimamo yetu.

Mnadhani tukikaa tunawaza mapenzi na TikTok. Nendeni bwenini usiku taa zikizimwa. Kwenye vyama vya dini vya wanafunzi, huyu ni wa UKWATA, yule TYCS, yule TAMSYA, mwingine ni mtu wa miti na mazingira, mwingine hana chama ila anabishana na wote. Tunabishana kwa nini mwanafunzi achapwe kwa kosa la konda. Tunabishana juu ya Kiingereza. Tunabishana nani apate mkopo wa chuo. Kuna kelele humo kuliko bungeni, na hakuna posho.

Mwenzetu mmoja wa Mufindi alifundishwa kwenye Biolojia juu ya udumavu. Utafiti wa 2022 ulionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kitaifa ni kama 30 katika kila 100. Iringa, mkoa wa mahindi, viazi, maziwa! Alikwenda likizo akamwambia mama yake asiuze mayai yote, abakize ya mdogo wake. Mama akamjibu, "Umekuwa daktari tangu lini?" Lakini gulio lililofuata trei iliondoka ikiwa na mayai pungufu. Hakusema kitu, alibakiza tu. Ningempata mama yule leo ningemwachia kipaza sauti hiki, nikae.

Dada wa bweni langu hakupata bahati hiyo. Yeye ni wa Kilolo. Desemba alifika nyumbani akakuta ndugu kutoka Dar es Salaam amekuja kumchukua binamu yake, miaka 13, ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba, aende "kusaidia kazi". Mnaijua sifa yetu huko mjini, ukitaka dada wa kazi mtiifu agiza Iringa. Tumeizoea mpaka tunaona ni sifa nzuri. Kikao cha ukoo kikakaa, ulanzi ukawekwa, yule dada akasimama. Akauliza, atasoma wapi? Atalipwa kiasi gani, na nani atazipokea hizo pesa? Atalala chumba gani, na mlango unafungwa na nani? Nani atampigia simu, na kila baada ya muda gani?

Maswali manne ya akili kabisa. Babu akauliza, tangu lini mtoto anahoji kikao? Mjomba akasema shule imemharibu. Akatolewa nje. Binamu akaondoka na gari la alfajiri.

Miezi ikapita. Usiku mmoja, tukiwa likizo, simu ya yule dada ikaita, namba ngeni. Ni binamu. Ametoroka, yuko kwa mama muuza genge jirani na ile nyumba, ameazimwa simu. Kulikuwa na mtu kwenye nyumba ile, na mlango wake ulikuwa haufungwi. Hakumpigia mama yake. Hakumpigia babu. Alikuwa ameikariri namba moja tu, ya aliyeuliza.

Ndiyo maana nimeliweka jambo hili pamoja na mapenzi na simu, ingawa mwenyekiti aliniambia mada zimezidi. Si mada tatu. Mtoto anapouliza juu ya binamu, juu ya mayai, juu ya viboko, na wewe ukamwambia funga mdomo, unaamini umemfundisha heshima. Yeye amehesabu masikio ya nyumba ile, na ya kwako ameyatoa kwenye hesabu. Siku ya jambo kubwa hatakuja kukujaribu tena.

Sisemi mtuache tufanye tutakavyo. Mkituacha tutaumia, hilo tunalijua, hata hawa wanaojifanya wagumu wanalijua. Na najua mmechoka. Mnatoka shambani, mnatoka sokoni na baridi hii, mnakuta mtoto ana sura ya kuficha jambo, hasira inakuja kwanza kwa sababu hofu imetangulia. Ninachoomba ni kidogo sana: swali litangulie, hasira ije baadaye kama bado ipo.

Kabla sijaanza kuzungumza, niliwagawia vijana vikaratasi, kila mmoja aandike swali moja kwa mzazi, bila jina. Mwenyekiti amevikusanya kwenye kofia yake. Sijavisoma. Naomba nichomoe vichache.

Hiki kinasema: "Mama, ukikuta namba ya mvulana kwenye simu yangu utaniuliza kwanza au utanipiga kwanza?"

Hiki: "Baba, kidato cha pili ulimpenda nani?" Msicheke, atajibu mtu.

Hiki kimeandikwa kwa penseli: "Naomba kurudi kulala nyumbani. Mlango wa geto hauna komeo."

Hiki hakitasubiri zamu ya majibu. Sijui ni nani, na asiinuke mtu. Mwenyekiti, nyumba zinazopangisha wanafunzi mtaani kwetu tunazijua zote. Tunaweza kuzipitia Jumatatu, mlango kwa mlango, zote, ili asionekane nani ameandika? Mwenyekiti ameitikia kwa kichwa, mmeona wote. Mafundi nahitaji wawili. Wewe baba, asante. Na kaka kule nyuma, asante. Komeo na misumari tutachanga sasa hivi, kofia ya mwenyekiti ikishatolewa vikaratasi izunguke.

Wakati inazunguka, tuendelee na cha pili. Kidato cha pili mlimpenda nani? Baba wa koti la bluu, umecheka kuliko wote. Karibu kipaza sauti.